Yuka Nje ya Ukuta

Ukipita Thongpiny, mtaa wa Juba ulio jirani na uwanja wa ndege, utaona kuta ndefu za hoteli na ofisi, na chini ya baadhi ya kuta hizo mmea wenye majani kama visu. Huo ni yuka. Usiuchanganye na yuca ya Kihispania, ambayo kwetu ni muhogo. Nduguye yuka ni mkonge, ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Ilisalia hai miche 62 tu, nayo ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanganyika.

Asili ya yuka ni Marekani, Meksiko na nchi jirani. Huko maua yake huchavushwa na nondo maalumu (mdudu wa usiku, si chuma cha kujengea). Huku kwetu nondo huyo hayupo, basi mtunza bustani hukata kipande cha shina, hukiacha siku chache jeraha likauke, kisha hukichomeka ardhini. Hakidai maji mengi, na katika mji ambapo watu wengi hununua maji ya lori, siwalaumu wanaoupenda.

Lawama yangu ni pale unapopandwa. Barabara nyingi za Juba hazina njia ya waendao kwa miguu. Watu hupita katika ukanda mwembamba ulio kati ya ukuta na gari, na ncha ya yuka hufika penye jicho la mtoto wa shule. Tena hauna kivuli. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto kali. Katika joto la namna hiyo, kivuli ni haki ya mpita njia. Mwarobaini, mgeni mwingine kutoka Bara Hindi, hukitoa bila ubaguzi: chini yake mama huuza chai, na wazee huzungumza mambo ya nchi.

Ukanda ule ni mali ya umma, hata kama mwenye ukuta huufagia kila asubuhi. Yuka na ukae ndani, mbali na mapito. Uliokwisha pandwa nje, mwombe mwenyewe kwa adabu auhamishe. Utashika mizizi upya bila taabu, na shimo litakalobaki latosha mche wa mwarobaini.