Kambi ya Kupenda

"Kambi gani?" mama aliniuliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichagua mchele, na mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Umesema unawapeleka watoto kambi?"

Ilikuwa Agosti 2018, likizo kubwa, uani kwetu Buyenzi, Bujumbura. Nilikuwa nimetandaza chini hema la kijani nililolikuta soko la Ruvumera, katikati ya rundo la nguo za mtumba. Muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alidhani ni koti la mvua la mtu mnene sana, akaniuzia kwa bei ya koti. Mabinti zangu, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa sita, walikwisha kujipenyeza ndani yake hata kabla halijasimama, wakawa wanatambaa humo kama paka waliotiwa kwenye gunia.

Nikamweleza mama kwamba tunakwenda Resha, njia ya Rumonge, tukalale usiku mmoja ufukweni. Kwa kucheza tu.

Aliurudia mchele wake. Kisha akasema bila kuinua macho: "Mimi kambini nimekaa miaka minane. Mchezo sikuuona."

Sikuwa na jibu. Kwa Mrundi wa umri wangu kambi ni mbili, ya askari na ya wakimbizi, na hakuna hata moja ambayo mtu huamka asubuhi akafunga mizigo akaenda kwa kupenda.

Lakini kulala nje hakukuanza na vita. Nilipokuwa mdogo, miaka ya 1980, kiangazi kilipokolea na mabati ya nyumba zetu yakawa yanatema joto hadi usiku wa manane, wanaume na watoto wa kiume tulihamia uani. Mikeka ilitandikwa, mzee mmoja wa jirani akaja na chai yake ya tangawizi, na vitendawili vikaanza. Buyenzi ni mtaa wa watu waliotoka kila upande wa ziwa Tanganyika, kwa hiyo hata vitendawili vilikuwa na lugha mbili. Huyu akisema "Kitendawili!" tunajibu "Tega!" Yule akiingia kwa Kirundi, "Sokwe!", tunajibu "Niruze!" Tulisinzia katikati ya jibu, na adhana ya alfajiri ndiyo iliyotuamsha, mgongo umechorwa alama za ukindu.

Dada zangu hawakulala uani hata siku moja. Mtoto wa kike halali nje, ndivyo ilivyosemwa, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Walisikiliza vitendawili kupitia nondo za dirisha, na mara nyingi wao ndio walioyajua majibu. Waliyanong'ona kwa mdogo wetu aliyelala karibu na ukuta, naye akapata sifa ya akili ambayo hajairudisha mpaka leo.

Kisha Oktoba 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa, na usiku ukabadilika. Mikeka iliingia ndani. Ikaja amri ya kutotembea usiku, na watu wakajifunza kutambua silaha kwa mlio wake. Machi 1995 moto ulifika Buyenzi na Bwiza, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo. Nasi tulikuwamo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Huko ndiko nilikolala nje tena, chini ya shitingi, lile turubai la plastiki la Umoja wa Mataifa ambalo kila mkimbizi wa Maziwa Makuu analijua kwa harufu. Vita vilipotufuata Uvira mwaka 1996, tulilikunja shitingi letu, tukapanda mashua, tukavuka ziwa hadi Kigoma. Mwisho wa safari ukawa kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu.

Sasa dada zangu nao walilala nje. Hapakuwa na ndani.

Ninachokumbuka zaidi ni mgongo wa baba. Kila usiku alikaa mlangoni, kama pale palipoinuliwa plastiki paweza kuitwa mlango, ametupa mgongo. Hakusimulia kitu, hakuulizwa kitu. Alifariki tukiwa hukohuko. Mwaka 2004 nilirudi Buyenzi na mama, nikaingia kwenye ufundi wa magari kama nusu ya vijana wa mtaa wetu. Aprili 2006 amri ya kutotembea usiku iliondolewa, na nakumbuka usiku ule wa kwanza nilisimama barabarani nisijue pa kwenda. Uhuru wa usiku nilikuwa nao, matumizi yake sikuyajua.

Yaliyonisukuma kununua lile hema ni ya mwaka 2015. Risasi ziliporudi Bujumbura, binti yangu mkubwa alikuwa na miaka sita. Tulimlaza chini ya meza ya chakula, tukaegemeza godoro dirishani. Mitaa ilipotulia, yeye hakutulia. Miaka mitatu baadaye alikuwa bado haendi chooni uani usiku bila kushikwa mkono. Nikaona kwamba urithi niliokuwa namwachia ni ule mgongo wa baba. Nilitaka aujue usiku mwingine kabla huu haujamkaa.

Tulianza kwa mazoezi. Usiku wa kwanza tulilala ndani ya hema hapohapo uani, hatua kumi kutoka kwa mama yao, na chandarua juu kwa sababu hema lilikuwa na tundu la kupita ngumi. Kila mmoja alipewa kazi. Mkubwa alikuwa mwenye tochi, mdogo alikuwa mhasibu wa vigingi: kumi na mbili vitoke, kumi na mbili virudi. Majirani wa barazani walipita wakichungulia. "Mabinti nao?" mmoja aliuliza. Mdogo akamjibu kutoka ndani ya hema: "Nani huyo? Tumefunga."

Siku ya safari niliichagua kwa mwezi. Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mfunguo pili, Idi ya kuchinja ikiwa inakaribia na giza likiwa totoro. Wavuvi wa Tanganyika huvua kwa taa: mwanga huvuta ndagala juu, na mukeke huwafuata ndagala kwa sababu ndio chakula chao. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, basi mitumbwi hupumzika. Nilitaka mabinti waone ziwa likiwa na watu kazini.

Mama yao alinifunza mambo mawili kabla hatujaondoka: kufunga kitambaa kichwani ili mchanga usiingie kwenye misuko, na kutosema "subiri asubuhi" mtoto wa kike akitaka kwenda haja usiku. La pili ndilo lililonifaa zaidi.

Njiani tulisimama Mugere, kwenye lile jiwe la Livingstone na Stanley. Mkubwa alisoma tarehe iliyochongwa: 25 Novemba 1871. Nikawaeleza kwamba wazungu hao walitoka Ujiji kwa mtumbwi kuja kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Uliingia. Na hapa walilala siku mbili. "Walipiga hema?" mdogo aliuliza. Nikasema bila shaka. "Nani alishika vigingi?" Nikamwambia kwamba kazi hiyo walifanyiwa na wapagazi wao, watu wa Kiswahili kama sisi, na majina yao hayapo kwenye jiwe. Alilitazama jiwe kwa dharau ya mhasibu mwenzao.

Resha, mchanga ulitukatalia. Vigingi vilizama na kutoka kama vijiko kwenye uji. Tulihangaika nusu saa, upepo ukilivuta hema kuelekea Kongo, mpaka mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaja akacheka kwanza, kisha akasaidia. Alitufundisha kujaza mifuko mchanga, kuifunga kamba, na kuifukia. Mifuko ilishika. Mdogo aliudhika kwa kuwa vigingi vyake vilikosa kazi, basi nikamwajiri kuhesabu mifuko.

Wazazi huniuliza tulifanya nini mchana kutwa bila televisheni. Tulirusha vijiwe bapa vikaruka juu ya maji, na mkubwa alinishinda, sita kwa nne. Tulichora mtaa wa Buyenzi mchangani, barabara zake zilizonyooka na namba zake, na kila mmoja akaweka jiwe pale alipodhani ni nyumbani. Tulipishana barabara mbili. Tulinunua mukeke watatu, tukawachanja, tukawapaka chumvi na ndimu. Kuwachoma niliwaachia wao, nami nikashika upepeo. Samaki mmoja aliungua upande, mwingine alianguka mchangani. Tulikula wote watatu.

Sheria ilikuwa moja: jua likizama, hakuna mguu unaokaribia maji. Tanganyika lina viboko na mamba, na hakuna mtoto wa Bujumbura asiyemjua Gustave, yule mamba mkubwa wa upande wa mdomo wa Rusizi. "Gustave anaijua Resha?" mdogo aliuliza. Nikamjibu kwamba sheria yetu inamhusu naye pia: haruhusiwi kupita mifuko ya mchanga.

Jua lilizama nyuma ya milima ya Kongo, ambayo kwa ukungu wa kiangazi ilikuwa kivuli tu. Kisha taa zikaanza. Moja, tatu, nane. Mkubwa alisimama akahesabu kwa kidole hadi arobaini na moja, zikamchanganya, akaanza upya. Nilimweleza habari za ndagala na mukeke. Akasema: "Kwa hiyo watu wako macho." Nikasema ndiyo, usiku kucha. Nilimwona akilifikiri jambo hilo. Nadhani mpaka siku ile alidhani kwamba anayekesha ni mwenye hofu tu.

Ndani ya hema tulicheza vivuli kwa tochi: sungura, mbwa, na kitu ambacho mdogo alisisitiza ni mwalimu wake. Tukaingia kwenye vitendawili. Vyangu vya zamani walivijua vyote, nyumba isiyo na mlango ni yai na kadhalika, maana bibi yao huwategea. Ndipo mkubwa akatega cha kwake: "Nyumba yangu naikunja naitia begani." Mdogo akapiga kelele: "Konokono!" Jibu lilikuwa hema, lakini tulikubaliana kwamba konokono naye ana haki.

Saa nane za usiku mkubwa aliniamsha. Alitaka kutoka. Nilichukua tochi, tukaenda hadi nyuma ya kichaka, nikageuka nikampa mgongo na kuimba kwa sauti, kama tulivyopatana, ili ajue nipo. Alipomaliza aliniambia nizime tochi. Tukasimama gizani tukitazama taa za ziwani. Mkono wangu hakuushika. Aliporudi kulala mimi nilibaki mlangoni, na muda ulipita kabla sijatambua nimekaaje. Nikageuka, nikakaa nikiwatazama wao.

Tulirudi na vigingi kumi na kimoja. Mhasibu hajanisamehe.

Wiki zilizofuata hema lilihamia uani moja kwa moja. Mama alilipita akienda na kurudi, bila kulitazama, kama mtu anavyompita jirani waliyegombana naye. Mwisho wa Septemba mawingu ya kwanza yalikusanyika juu ya milima. Watoto walikuwa wakiandaa kulala humo. Mama alitoka jikoni, akalizunguka hema mara moja, akavuta kamba moja, akatikisa kichwa. Kisha akaingia stoo akatoka na jembe.

Alichimba mfereji kulizunguka hema lote, mwembamba, wenye mteremko kuelekea mlango wa barabarani. Udongo aliuegemeza kwenye ukingo wa hema na kuushindilia kwa kisigino. Hakusema kitu. Ilimchukua dakika kama ishirini, naye alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alipomaliza alimpa mjukuu mkubwa jembe. "Mvua ikinyesha, maji yatapita hapa," alisema. "Msipochimba, mtalala kwenye tope." Usiku ule ilinyesha. Asubuhi mabinti walitoka wakavu, wakamkuta bibi yao ukumbini na chai, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisimulia Mtabila: jinsi mvua ya kwanza ilivyowachukulia unga, na jinsi mwanamke mmoja wa kibanda cha pili alivyomfundisha kuchimba.

Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake ukaifunika Gatumba. Wiki chache baadaye nilipita upande ule na mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka minane. Kando ya barabara kulikuwa na mahema na shitingi, safu kwa safu, nguo zimeanikwa juu ya kamba.

"Baba," aliuliza, "wale wanacheza kambi?"

Niliegesha gari. Nilikuwa nimefanya bidii kulisafisha neno lile kwa ajili yake, na sasa ilinibidi nimrudishie nusu yake nyingine. Nikamweleza kwamba wale nyumba zao zimejaa maji. Nikamweleza kwamba mimi, shangazi zake na bibi yake tuliwahi kukaa hivyo, Uvira na kisha Mtabila, miaka mingi, na kwamba hatukuchagua. Hakuniuliza ni nani aliyetufukuza. Hilo lilingoja siku nyingine. Alitazama zile safu za plastiki kwa muda, na kisha chini, kwenye udongo uliokuwa bado unang'aa maji kati ya mahema.

"Hawajachimba mfereji," alisema. "Bibi anajua?"