Bweyeye, Chini ya Njia ya Baiskeli

Wako watu wanaopanga likizo yao kwa kutazama kalenda ya shule, na wako wanaoipanga kwa kutazama kalenda ya michezo. Hawa wa pili wameongezeka sana siku hizi. Mpenzi wa mbio za magari huelekea Naivasha nchini Kenya, kutazama Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo mwaka 2021 yalirudishwa katika orodha ya ubingwa wa dunia. Mwenye miguu ya kukimbia huenda Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, akakimbia marathoni chini ya Mlima Kilimanjaro, kisha akabaki siku mbili tatu kupumzisha magoti. Huko Ufaransa ziko familia ambazo kila Julai hupeleka gari lao milimani na kulala humo, zikingoja mbio za baiskeli za Tour de France zipite, nazo zimekuwa zikipita tangu mwaka 1903.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kwenda Ufaransa kwa ajili hiyo. Mbio za namna hiyo ziko hapa jirani, nchini Rwanda, na mojawapo ya njia zake hupita katika msitu mkubwa wa Nyungwe, juu kidogo ya mahali panapoitwa Bweyeye.

Mashindano hayo, Tour du Rwanda, yalianza mwaka 1988 yakiwa ya kienyeji tu. Mwaka 2009 yaliingizwa katika kalenda ya chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, na mwaka 2019 yakapandishwa daraja. Wanyarwanda hawakukaa kando wakawapigia makofi wageni: Valens Ndayisenga alishinda mwaka 2014 na tena 2016, Jean Bosco Nsengimana akashinda 2015, na Joseph Areruya akashinda 2017. Tangu daraja lilipopanda mambo yamekuwa magumu zaidi kwao, maana Waeritrea na vijana wa timu za Ulaya huja wamejiandaa. Hata hivyo umati wa barabarani haujapungua. Mwezi Septemba 2025 jiji la Kigali lilipokea ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio kubwa ya wanaume, yenye kilomita 267 na nusu za kupanda na kushuka vilima.

Katika nchi ambayo baiskeli ni chombo cha kazi, shauku hiyo haishangazi. Baiskeli ndiyo inayobeba ndizi kwenda sokoni, madumu ya maziwa, magunia ya viazi, na abiria aliyeketi nyuma kwenye mto wa sifongo. Kabla baiskeli za chuma hazijaenea, wananchi wa vijijini walichonga za mbao, wakaziteremsha milimani zikiwa na mizigo. Mtu aliyewahi kusukuma gunia la viazi kwa baiskeli kupanda kilima anajua anachokitazama mshindani anapopita akihema.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Hatua inayounganisha Huye, mji uliojulikana zamani kwa jina la Butare, na Rusizi, iliyokuwa Cyangugu, ina urefu wa kilomita zipatazo 140. Miaka mingine huanzia Huye, na miaka mingine, kama 2025, huanzia Rusizi. Kwa vyovyote vile waendeshaji hulazimika kuuvuka msitu wa Nyungwe, ambako barabara hupita kilomita takriban 50 bila shamba wala nyumba. Kuna baridi, kuna ukungu, na mvua hunyesha hata pale ambapo nje ya msitu jua linawaka. Mgongo wa milima hii ndio unaoyagawa maji: yanayoshuka upande wa magharibi huishia mto Kongo, na yanayoshuka mashariki huishia mto Naili. Mwendesha baiskeli hana nafasi ya kulifikiria jambo hilo, lakini mtazamaji anayo nafasi tele.

Nyungwe ilitengwa kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1933, ikawa hifadhi ya taifa katika miaka ya 2000, na mwezi Septemba 2023 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Wamo sokwe, na wamo mbega wanaotembea katika makundi ya mamia, jambo ambalo ni nadra kuonekana kwingineko. Kuna daraja la kamba za chuma huko Uwinka, lililofunguliwa mwaka 2010, ambalo humpitisha mgeni juu ya vilele vya miti; mwenye kizunguzungu heri abaki chini na watoto. Tembo hawamo. Yule wa mwisho aliuawa mwaka 1999.

Katikati ya msitu huo pana mahali paitwapo Pindura. Hapo barabara nyingine hujitenga na ile kuu, ikaelekea kusini na kuteremka kilomita 32 hadi Bweyeye. Mbio hufuata barabara kuu. Mgeni wa kawaida naye hufuata barabara kuu, akafika Kamembe akiwa amechoka, akala samaki wa Ziwa Kivu, akalala. Ndivyo Bweyeye inavyopitwa na baiskeli na wageni kwa siku moja.

Bweyeye ni tarafa ya pembeni kabisa ya wilaya ya Rusizi. Nyuma yake kuna msitu, na mbele yake kuna Burundi, ambako msitu uleule huendelea kwa jina la Kibira. Kwa miaka mingi barabara yake ilikuwa ya udongo, na katika nchi ya mvua kama hii udongo haungoji masika ili uwe tope. Katika vijiji vya milimani visivyofikiwa na gari, mgonjwa hubebwa na majirani kwa machela ya kusukwa iitwayo ingobyi, wanaume wakipokezana mabega. Hebu msomaji afikirie mama mwenye uchungu wa uzazi na kilomita 32 za kupanda kabla ya kuifikia barabara ya lami. Lami ilipofikishwa Bweyeye katika miaka ya karibuni, ilikuwa faraja kubwa kwa wakazi kabla ya kuwa neema kwa watalii, na mgeni anayeteremka kwa gari lake huku akiisifu mandhari hana budi kulikumbuka hilo.

Kuishi mpakani mwa hifadhi si jambo jepesi. Msitu huu una dhahabu, na kwa miongo mingi watu waliichimba. Una nyama, na watu waliitega. Leo yote mawili ni makosa mbele ya sheria. Serikali ya Rwanda ilianza mwaka 2005 kuwagawia wakazi wa kando ya hifadhi sehemu ya mapato ya utalii, asilimia 5 hapo mwanzo, kisha asilimia 10 tangu mwaka 2017, fedha zinazojenga madarasa, zahanati na mabomba ya maji. Huo ni mpango mzuri. Lakini shule hujengwa mara moja, na sufuria huinjikwa kila siku. Kijana aliyeacha kuchimba dhahabu anahitaji kumuuzia mtu kitu, na mtu huyo kwa sasa anapita Pindura bila kusimama.

Yako pia mambo mazito zaidi. Mwezi Desemba 2018 watu wenye silaha walishambulia mabasi ndani ya Nyungwe na kuua abiria, na katika miaka iliyofuata Bweyeye yenyewe ilipata misukosuko ya wapiganaji waliojificha msituni. Baada ya hapo wanajeshi waliwekwa kando ya barabara ya msitu. Mwezi Januari 2024 Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda, na kwa tarafa ambayo jirani yake wa karibu yuko ng'ambo ya mto, hilo lilikuwa pigo la sokoni na la undugu pia. Mwenye kutaka kusafiri aulize habari za wakati huo kabla ya kufunga mizigo, wala asione haya kuuliza.

Kwa familia itakayoamua kwenda, haya yafaa kujulikana. Mbio hufanyika mwishoni mwa Februari na kuingia siku za mwanzo za Machi. Saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, na wengi wamewahi kukosea hapo. Magari huendeshwa upande wa kulia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, kwa hiyo mama asifunge maandazi katika rambo, kikapu chatosha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya kazi za pamoja, umuganda, na shughuli za barabarani husimama hadi saa tano asubuhi. Sweta ni lazima, hata kwa mtu wa Tanga asiyeamini kwamba Ikweta ina baridi. Lugha isimtie mtu wasiwasi: Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na katika Rusizi, iliyo jirani na Bukavu, kilizungumzwa sokoni muda mrefu kabla ya sheria hiyo.

Kutazama mbio hakuna kiingilio, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya mchezo huu kwa mwenye watoto wengi na mshahara mmoja. Kasoro yake ni kwamba hupita upesi. Barabara hufungwa mapema, watu husimama wakingoja, polisi wa pikipiki hupita, magari ya matangazo hupita, kisha baiskeli hutokea ghafla, rangi nyingi na mlio wa minyororo. Aliyeinama kumfunga mtoto kamba za viatu akiinuka hukuta migongo. Zaidi ya hapo ni gari la kuokota waliochoka.

Basi shauri ni hili. Familia isilale safari nzima mjini. Itazame mbio pale zinapotoka msituni, kwenye mashamba ya chai ya Gisakura au ya Kitabi, mahali ambapo watu wanaruhusiwa kusimama, maana ndani ya hifadhi si pa kutandika mkeka popote mtu apendapo. Kesho yake ishuke Bweyeye asubuhi, na kurudi kabla ya jioni. Hakuna hoteli za fahari, na asije mtu akategemea kuzipata. Ipo barabara nzuri inayozunguka kwenye ukingo wa msitu, yapo mashamba yaliyoinama mpaka mtu akajiuliza mkulima husimamaje, na yupo mwenye chakula atakayefurahi kukilipwa bei ya haki. Kwa waandaaji wa mashindano, kilomita 32 za kushuka na 32 za kupanda tena hadi Pindura zingekuwa hatua ya kuwatoa jasho hata mabingwa; pengine siku moja watalifikiria.

Barabara ikishafunguliwa jioni ya mbio, daladala za Bweyeye huanza kushuka kutoka Pindura, na taa zao huonekana kwa muda zikipotea na kutokea katika kona za msitu.