Kurudisha Mwili Baada ya Uzazi: Somo Nililolipata Mgori

Hongera kwa kujifungua! Mtoto mzuri, zawadi zimeshafunguliwa, wageni wamepungua. Sasa linabaki lile swali ambalo kila shosti analo mdomoni: "Mbona tumbo bado?" Ofisini wanakutania kama kuna mwingine njiani. Kwenye simu unaona picha za mastaa waliojifungua juzi na leo wamo ndani ya jinzi. Mume naye, hata akinyamaza, wewe unahisi anaangalia. Kwenye meza yangu ya uhariri hakuna mada inayoletewa maswali kama hii: nile nini, nijifunge nini, nianze mazoezi lini?

Juni iliyopita nilipata nafasi ya kuyaangalia maswali hayo nikiwa mahali ambako hakuna gym wala mashine ya kukimbilia. Ni Mgori, Wilaya ya Singida, kwao mume wangu. Mtoto wetu alikuwa na miezi saba na bibi yake alikuwa hajamwona.

Kufika huko

Kutoka Dar es Salaam hadi mjini Singida ni kiasi cha kilomita 700. Tulipanda treni ya SGR hadi Dodoma, safari iliyoanza mwaka 2024 na iliyowapunguzia sana adha akina mama wenye watoto wachanga, halafu basi kupitia Manyoni na Ikungi. Ukikaribia Singida utaijua tu: mawe makubwa yaliyopandana kama yamepangwa na mtu, upepo usiokoma, na wauza mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji barabarani. Mgori iko upande wa mashariki ya mji, barabara ya vumbi.

Juni ni kipindi kizuri. Mvua imekwisha, mavuno yako nyumbani, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Beba chandarua cha mtoto na kadi yake ya kliniki.

Jina la Mgori wengi wamelisikia kwa ajili ya msitu wake wa miombo, kiasi cha hekta 40,000. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyouzunguka, vikiwemo Ngimu na Pohama, vilianza kuulinda vyenyewe kwa sheria walizotunga wananchi. Sehemu zilizokuwa zimechoka kwa moto na ukataji zilipewa muda zipumue. Nilipokuwa naelezwa habari hiyo nilijikuta nawaza tumbo langu. Nalo lilihitaji kulindwa na kupewa muda.

Sahani ya mama mkwe

Siku ya kwanza mezani palikuwa na ugali wa uwele, mlenda uliopikwa na karanga, kuku wa kienyeji wa kuchemsha, na maziwa ya mgando pembeni. Kwa mazoea ya mjini nikachukua ugali kidogo sana. Mama mkwe akaniangalia.

"Mwanangu, huyo mtoto ananyonya nini kama wewe huli?"

Na kitaalamu yuko sahihi kabisa. Mama anayenyonyesha anahitaji takribani kalori 500 zaidi kwa siku kuliko alivyokuwa akihitaji kabla ya ujauzito. Ukijinyima chakula ghafla utachoka, utakosa raha, na jioni utajikuta unamaliza pakiti nzima ya biskuti. Daktari wengi wanakubali kwamba kupungua kiasi cha nusu kilo kwa wiki kunamtosha mama anayenyonyesha. Tumbo la uzazi lenyewe linachukua wiki sita hivi kurudi kwenye ukubwa wake. Ukiwa umebeba kwa miezi tisa, mwili hauwezi kurudi kwa siku tisa.

Sasa itazame ile sahani. Uwele ni nafaka isiyokobolewa, ina madini ya chuma na nyuzinyuzi, inashibisha kwa muda mrefu na inasaidia choo, jambo ambalo mama aliyejifungua analijua uzito wake. Mlenda ni mboga ya majani. Karanga na kuku vinajenga mwili. Hakuna soda, hakuna chipsi. Na huku nyumbani hawanywi chai pamoja na chakula, jambo jema, maana chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Ukitaka kinywaji, juisi ya ubuyu au ndimu inasaidia madini hayo yaingie vizuri, mradi usiijaze sukari.

Ila tusidanganyane: si kila nyumba ya kijijini ina kuku mezani kila siku. Yule alichinjwa kwa heshima ya mgeni. Kuna akina mama huko wanaonyonyesha kwa ugali na mlenda peke yake, na wangefurahi sana kupata yai. Wewe mwenye mshahara huna sababu ya kujinyima kwa makusudi kile ambacho mwenzako anakikosa.

Asali ni ya mama

Jirani mmoja, mzee wa makamo ya babu, alituletea asali ya porini. Kwa upendo akachovya kidole ili amrambishe mjukuu.

"Shikamoo babu, asante sana," nikamwambia. "Ila huyu hajatimiza mwaka. Kliniki wamekataza."

Akacheka. "Basi ale mama."

Msomaji, hili lishike sana. Asali, hata iwe safi namna gani, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na sumu hiyo inalegeza misuli hadi ya kupumulia. Mama anayenyonyesha anaweza kula bila wasiwasi. Lakini kumbuka, asali nayo ni sukari, kijiko kimoja kinatosha.

Mwendo wa maji

Kutoka kwa mama mkwe hadi kwenye maji ni dakika kama 20 kwa miguu. Kila asubuhi nilikwenda na wifi yangu, mtoto nimembeba mgongoni kwa kitenge, yeye kabeba ndoo. Kwenda na kurudi, dakika 40. Wiki ya pili nilikuwa napanda kilima tunapiga stori bila kuhema.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri mama aliyejifungua, asiye na tatizo la kiafya, afikishe walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Piga hesabu: nusu saa, siku tano. Safari ile ya maji iliyavuka hayo bila mtu kuvaa raba za bei mbaya.

Nilipomsifia wifi kwa umbo lake, alinijibu jambo lililonikata maini. "Wifi, mimi nilirudi shambani mtoto hajamaliza hata mwezi. Mgongo huu mpaka leo unauma." Hapo ndipo utaona kwamba wembamba wa kijijini si wote ni afya. Kule kazi inamwahi mama kabla mwili haujapona. Mjini sisi tunakaa kwenye kiti, kwenye daladala, kwenye sofa, halafu tunataka kulipia yote kwa wiki mbili za kuruka kamba. Pande zote mbili mwili ndio unaoumia.

Mkaja na misuli ya ndani

Usiku mama mkwe alinionyesha kitambaa alichojifungia tumbo enzi zake. Mkaja hauyeyushi mafuta. Ukifungwa kwa wastani unaegemeza mgongo na kumpa mama nafuu. Ukikazwa mpaka unashindwa kupumua, unasukuma kila kitu kwenda chini, na misuli ya nyonga iliyokwisha kuchoka kwa uzazi inazidi kulegea.

Anza na misuli hiyo. Ikaze kama mtu anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Unaweza kufanya ukiwa unanyonyesha. Halafu lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo na gusa katikati ya tumbo. Kama vidole viwili au zaidi vinazama, misuli ya tumbo bado imeachana. Usianze sit-up, muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari, kwa kawaida kwenye kliniki ya wiki sita. Na ukiona damu imeongezeka, maumivu, au mkojo unakutoka ukikohoa, acha na uende hospitali. Mkojo kukutoka si "kawaida ya uzazi" ya kuvumilia kimyakimya. Una tiba.

Baba naye

Siku ya tatu mama mkwe alimkuta mwanawe kakaa kivulini na simu, mimi najiandaa kwenda majini. Akamwita. "Hiyo baiskeli ya baba yako ina kazi gani hapo?" Mume wangu akafunga madumu, akaenda. Tangu siku ile mimi na wifi tulikwenda matembezini mikono mitupu, na nilipata hata usingizi wa mchana.

Akina baba mnaosoma, somo ndilo hilo. Mkeo hahitaji umwambie amenenepa, kioo anacho. Anahitaji nusu saa yake kila siku ambayo mtoto yuko kwako.

Ukirudi mjini

- Tembea. Shuka kituo kimoja kabla, au zungukeni mtaa jioni nyote watatu.
- Badilisha sembe iwe dona, uwele au mtama walau mara tatu kwa wiki. Mboga ijaze nusu ya sahani.
- Kunywa maji kila unaponyonyesha.
- Tumia haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.
- Jipe mwaka. Mizani ipande mara moja kwa wiki, inatosha.

Tuliondoka Mgori na kilo tano za unga wa uwele, mlenda mkavu na chupa ya asali. Unga ukiisha, wifi amesema nipige simu tu, atautuma kwa basi.