Nyumba ya Kesho Tuliyoikuta Bustani

Kama ungeambiwa uchague mtambo mmoja tu kutoka hadithi za kubuni za kisayansi, uwekwe nyumbani kwako kesho asubuhi, ungechagua upi? Roboti wa kufagia? Jiko linalopika lenyewe? Swali hilo tuliulizana mwezi wa Julai tulipokuwa Anaheim, California, huku watoto wetu wakimalizia bisi zao.

Tulikuwa tumekwenda kumtembelea shangazi yao, ambaye ameishi huko miaka mingi. Siku ya tatu alitupeleka Disneyland, ile bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1955. Watoto walitaka treni na mashua. Sisi tulitaka kuona mahali ilipokuwa "Nyumba ya Kesho." Karibu na lile kasri maarufu tulikuta maua, vichaka na kijia chembamba tu. Watu walipita bila kugeuza shingo.

Nyumba iliyokataa kubomoka

Mwaka 1957 kampuni ya Monsanto ilijenga hapo nyumba ya plastiki. Ilikuwa na mabawa manne yaliyoning'inia hewani, yakishikiliwa na kiini kimoja cha katikati. Hakuna aliyeishi humo. Ilikuwa ya maonyesho, ili wageni waone jinsi familia ingeishi mwaka 1986. Jikoni mlikuwa na maikrowevu, makabati ya baridi yaliyoshuka kutoka darini, na mashine ya kuosha vyombo kwa mawimbi ya sauti. Simu ilikuwa ya kubonyeza vitufe. Fikiria akina mama wa wakati ule, jinsi walivyotoka humo wakitazama mikono yao!

Nyumba ilifungwa mwaka 1967. Yasimuliwa kwamba wabomoaji walipoipiga kwa tufe zito la chuma, tufe lilidunda likarudi. Ilibidi waivunje vipande vipande. Lakini mwaka huohuo, 1967, maikrowevu ya kuwekwa mezani ilianza kuuzwa kwa ajili ya nyumba za kawaida kwa dola 495. Nyumba ilikufa, jiko lake likaishi.

Ndoto nyingine nayo ilipitia hapohapo. Mwaka 1964 watu waliokuwa kwenye Maonyesho ya Dunia huko New York waliweza kuzungumza na watu wa Disneyland kwa simu ya picha, wakionana nyuso. Simu hiyo ilipowekwa katika vibanda vya umma, dakika 3 ziligharimu kati ya dola 16 na 27. Si ajabu wateja walikuwa haba.

Kila mtu na tamaa yake

Basi tukaketi kwenye benchi, tukaulizana. Baba wa watoto alitaka gari linaloruka, apite juu ya foleni. Mama alitaka roboti wa kazi zote. Hata neno lenyewe "roboti" lilizaliwa kwa uchovu: Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alilitumia katika tamthilia yake ya mwaka 1920, nalo latokana na neno la Kicheki linalomaanisha kazi ya shuruti. Tulikuwa tayari tumetenga fedha za kununua kile kiroboti cha duara cha kufagia sakafu, tukirudi nacho Dar es Salaam.

Shangazi alinyamaza. Tulipomsihi, alisema, "Mimi ningetaka ule mtambo wa kwenye filamu, unasimama hapa, mara unatokea kwingine. Nitokee Kongwa."

Tulielewa. Miaka minne kabla ya hapo, baba yao alipofariki, yeye hakuweza kusafiri. Aliyatazama mazishi kwenye simu, saa za usiku, peke yake jikoni. "Niliona kila kitu," alisema. "Lakini sikuweza kutupa hata konzi moja ya udongo." Simu ya picha, iliyokuwa ajabu mwaka 1964, ilimpa macho. Mikono haikumpa.

Swali la Bibi

Jioni tulimpigia Bibi. Kwetu ilikuwa saa tatu usiku. Kongwa ilikuwa saa moja asubuhi. Alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo. Watoto walimwonyesha mashine ya kuosha vyombo, kisha kiroboti cha shangazi kikizunguka chini ya meza. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Wajukuu zangu," akasema, "hicho kidude, kinakwenda kisimani?"

Hakuna aliyemjibu. Shangazi aligeukia sinki, akafungua bomba, akalifunga tena.

Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan aliandika mwaka 1983 kwamba vyombo vya kisasa havikumpunguzia mama saa za kazi kama ilivyotarajiwa. Mashine ya kufulia ilipoingia, watu walitaka nguo safi kila siku. Na kazi ambazo zamani baba na watoto walisaidia, zikamwangukia mama peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua, yafaa tuulize: Kitampunguzia nani mzigo? Na ni mzigo gani ulio mzito kuliko yote katika familia yetu?

Katika familia yetu, mzigo huo ulikuwa kichwani mwa mama wa miaka 71.

Kiroboti hatukukinunua. Fedha zake, pamoja na mchango wa shangazi, zilinunua tangi la lita 2,000 na mifereji ya kukinga maji ya paa. Ni tangi la plastiki, kama ile nyumba. Halitamfikisha Bibi mwisho wa kiangazi. Ndoo bado atabeba miezi kadhaa. Lakini si mwaka mzima.

Mwezi wa Desemba, mvua ya kwanza iliponyesha, Bibi alitupigia simu pamoja na shangazi. Hakusema neno. Aliisogeza simu kwenye mdomo wa tangi, tukasikiliza maji yakiingia. Huko California ilikuwa usiku wa manane, lakini shangazi hakutaka tukate.