Haja ya Mhusika na Kalenda ya Kampuni: Kuhusu Filamu za Majagina Wanaokutana

Filamu ya makutano, yaani ile inayowaleta pamoja majagina ambao kila mmoja ana kisa chake, huanza na ahadi. Mtazamaji huahidiwa kwamba watu aliowajua mbalimbali watakutana, na kwamba kukutana kwao kutawabadilisha. Jinsi kampuni za filamu za Marekani zinavyoipanga ahadi hiyo ni suala la msuko na usawiri wa wahusika kabla ya kuwa suala la biashara, na kwa hivyo halistahili kuachiwa wahasibu.

Mfano utajwao kila mara ni wa Marvel Studios. Iron Man na The Incredible Hulk zilitoka mwaka 2008, zikafuatwa na Iron Man 2 (2010), Thor na Captain America: The First Avenger (2011), ndipo ikaja The Avengers mwaka 2012. Kutokana na mfuatano huu wengi wamechota kanuni moja: kila jagina apewe filamu yake kwanza, kisha wakusanywe. Kanuni hiyo ni nyepesi mno. Guardians of the Galaxy (2014) iliwakutanisha wahusika watano ambao watazamaji wengi hawakuwa wamewahi kuwasikia. Quill anataka kuuza tufe aliloliiba. Gamora anataka kumpokonya. Rocket na Groot wanamwinda kwa donge la fedha. Drax, wanayemkuta gerezani, analilia kisasi cha mkewe na bintiye. Haja zao zinagongana kabla ya kuungana, na katika kugongana huko mtazamaji anawajua. T'Challa naye aliingia katika filamu ya mwingine, Captain America: Civil War (2016), miaka miwili kabla ya Black Panther. Baba yake ameuawa, naye anamsaka anayemdhania kuwa muuaji. Hilo lilitosha.

Kampuni ya Warner Bros. ilitangulia kwa kalenda. Mnamo Oktoba 2014 ilitangaza filamu kumi za wahusika wa DC zitakazotoka hadi mwaka 2020, Cyborg ikiwa mojawapo ya zile za mwaka huo wa mwisho. Katika Batman v Superman: Dawn of Justice (2016), Flash, Aquaman na Cyborg wanajulishwa kwa vipande vya video anavyovitazama Diana kwenye kompyuta. Msuko unasimama ili tangazo lipite. Mtambaji wa ngano hamtaji mhusika leo kwa sababu tu atamhitaji kesho, hadhira ingemkatiza. Iron Man ya 2008 pia ilikuwa na mwaliko wake, lakini Nick Fury alijitokeza baada ya orodha ya majina kwisha. Mtazamaji aliyeondoka mapema alikuwa amekwisha kupata kisa kizima.

Justice League ilitoka Novemba 2017, ikiwa imekamilishwa na Joss Whedon baada ya Zack Snyder kujiondoa kufuatia msiba wa kifamilia. Ilikuwa ya saa mbili hivi. Aliyepoteza zaidi ni Victor Stone, yaani Cyborg, jagina pekee mweusi katika kundi lile, aliyeigizwa na Ray Fisher. Toleo la Snyder la saa nne, lililotolewa mwaka 2021, linaonyesha kilichokatwa: mama anayekufa katika ajali, baba mwanasayansi anayemwokoa mwanawe kwa kumgeuza nusu mashine, na kijana asiyeweza kumsamehe hadi baba mwenyewe anapojitoa mhanga. Toleo hilo linachosha kwa urefu, na si kila dakika yake ina haki ya kuwamo. Hata hivyo, ndani yake Stone ni kiini cha hadithi, ilhali mwaka 2017 alikuwa takriban fundi wa mitambo ya wenzake. Filamu yake ya 2020 haikutengenezwa.

Marvel yenyewe haikujihadhari. The Marvels (2023) ilimtaka mtazamaji awe amewafahamu Monica Rambeau na Kamala Khan kutoka tamthilia za televisheni, WandaVision (2021) na Ms. Marvel (2022). Mapato yake yalikuwa madogo kuliko ya filamu yoyote ya kampuni hiyo iliyoitangulia. Ahadi ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya nyumbani.

Mwaka 2022 James Gunn na Peter Safran walikabidhiwa DC Studios. Katika Superman (2025), Mister Terrific, aliyeigizwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, hakutanguliwa na filamu yake wala kipande cha video. Anaingia akiwa na ajira, kiburi na subira fupi kwa upumbavu wa wenzake, kana kwamba alikuwa na shughuli zake kabla ya kamera kufika. Anasaidia, anabishana, kisha filamu inaendelea na habari za Superman.