Video ya Singidani iliyokwama kwenye simu ya bibi

Anayefika Singida mjini hapotezi muda kujua yuko wapi. Mawe makubwa ya granaiti yamepandana kila upande, upepo hauishi, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, yako karibu kabisa na mji. Maji yake ni ya magadi, na kuna misimu ambapo flamingo hutua ukingoni. Alizeti ikichanua, mashamba ya njiani hugeuka manjano matupu.

Huko ndiko familia moja kutoka Dodoma ilikwenda likizo fupi. Baba na kijana wake wa miaka 13 walikodi baiskeli, wakafunga kamera ndogo kwenye kofia ya mtoto, wakapita kando ya Singidani. Safari yenyewe ilikuwa ya bibi. Alikulia jirani na ziwa hilo kabla ya kuolewa Kiomboi, na sasa miguu haimruhusu kurudi.

Kamera ilirekodi kwa 4K, fremu 60 kwa sekunde. Jioni baba akahariri kwenye kompyuta, na wakati wa kuhifadhi akaacha kila kitu juu kabisa. Dakika 4 zilitoka na gigabaiti 1.8. Bando likaisha, na kule Kiomboi simu ya bibi ikacheza kidogo, ikaganda.

"Mwanangu, naona gurudumu tu," bibi akasema.

Baba akakimbilia upande wa pili. Alishusha bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, hadi megabiti 2. Kisha akachagua fremu 24 kwa sababu alisikia ndizo za sinema. Mawe yakawa kama uji, majani ya alizeti yakapakana, na baiskeli ikawa inaruka badala ya kwenda.

Hapo kijana ndiye aliyemfungua macho. Ukitoka fremu 60 kwenda 30, programu inaacha fremu moja katika kila mbili, na mwendo unabaki sawa. Ukienda 24 hesabu haigawanyiki vizuri: mara inaruka moja, mara mbili, na jicho linaliona hilo upesi kamera ikiwa inatembea. Bitireti nayo hutegemea kilichomo kwenye picha. Mtu aliyekaa sebuleni anaridhika na data ndogo. Mawimbi ya ziwa, mawe yenye mikwaruzo na maelfu ya majani yanayotikiswa na upepo hubadilika kila fremu, kwa hiyo vinadai zaidi. (Upepo wa Singida hauharibu sauti tu.)

Wakakubaliana: upana wa 1920 kwa 1080, fremu 30, megabiti 8 kwa sekunde. Kioo cha simu ya bibi ni kidogo, 4K isingemwonyesha chochote cha ziada. Wakatumia kodeki ya H.264. H.265 ingepunguza faili sana, lakini simu nyingi za zamani huielemea. Mtikisiko wakautuliza kwanza kabla ya kuhifadhi, na video wakaikata kutoka dakika 4 hadi moja na nusu. Ikabaki megabaiti 90. Mama wa nyumba akaongeza la kwake: itumwe WhatsApp kama hati, kwani ikitumwa kama video ya kawaida, WhatsApp yenyewe huibana tena. Ile ya 4K haikufutwa. Imewekwa kwenye diski ya nje, ije kutazamwa kwenye runinga.

Asubuhi bibi akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Mjukuu wangu, pale mlipopita kwenye jiwe lenye ufa, mbona mlikimbia? Hapo ndipo tulikuwa tunakaa tukirudi na maji."

Kijana akaomba baba arefushe kile kipande kwa sekunde kumi.