Chini ya Saipresi

Fimbo ilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, mwalimu mkuu alinipa daftari tupu. "Mwalimu, kuanzia leo ushauri nasaha ni wako." Ripoti ya Gachathi kuhusu elimu nchini Kenya ilikuwa imependekeza ushauri shuleni tangu 1976, lakini kwetu Konoin, kwenye mashamba ya chai ya Bomet, ulifika bila mafunzo wala chumba. Vipindi vyangu vya hesabu havikupunguzwa hata kimoja. Januari 2003 karo ya msingi ikafutwa, madarasa yakafurika. Nilifurahi kwa dhati kuwaona wale watoto. Ila muda wa kumsikiliza mmoja ulikuwa mapumziko ya asubuhi, chini ya mti wa saipresi, shule nzima ikitutazama.

Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyechelewa kila siku ya kuchuma majani ya chai. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Wiki tatu alikaa nami akichora udongo kwa kijiti. Ya nne akasema: mama alishafariki, kwa hiyo alfajiri huchuma na kogo, yaani bibi yake, majani mawili na chipukizi, kisha kogo hubaki kusubiri mizani kituoni, naye hukimbilia shule.

Siku hiyohiyo, katika chumba cha walimu, mwenzangu alinilaumu kwa kumlea mchelewaji. Nikamweleza yote. Nilidhani namtetea mtoto. Alasiri mwenzangu huyo alimwita "Mama Majani" mbele ya darasa, na darasa likacheka.

Msichana hakurudi tena kwenye saipresi. Kila nilipomuuliza, jibu likawa, "Niko sawa, mwalimu."

Jumamosi nilikwenda kwao. Kogo aliponiona langoni alitua kikapu, akauliza kabla hata ya salamu, "Mwalimu, mtoto amekukosea nini?" Maishani mwake mwalimu hakuwahi kumfuata mtoto nyumbani kwa jambo jema. Nilimwambia mwenye kosa ni mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanikaribisha chai.

Baadaye nilimsihi mwalimu mkuu hadi akanipa ufunguo wa stoo ya majembe. Nikaifagia, nikaweka viti viwili na mlango unaofungika. Mvulana wa darasa la saba ndiye aliyeingia wa kwanza. Msichana yule alimaliza darasa la nane akipita nje ya mlango huo kila asubuhi.